Motisha ni nini hasa? Neno moja, mizigo miwili

Mwulize mfanyakazi kama kazini kwao kuna motisha, atakuhesabia vitu: posho ya nauli, bonasi ya Desemba, bima ya afya, chai. Mwulize meneja wake swali hilohilo, ataanza kukutajia watu: huyu ana motisha, yule hana. Wote wako sahihi. Katika Kiswahili cha ofisini, motisha ni kile anachotoa mwajiri ili mtu avutike kufanya kazi, na papo hapo ni ule msukumo unaotoka ndani ya mtu mwenyewe. Maana hiyo ya pili ina neno lake la siku nyingi, ari, na kwenye mpira tunaiita morali. Kampuni nyingi hununua motisha ya kwanza zikitarajia kuletewa ya pili, kisha zinashangaa mzigo haujafika.

Niliwahi kuwa msimamizi wa zamu kwenye ghala moja Dar es Salaam. Saa nne asubuhi kila mtu alipata chai ya rangi na maandazi mawili, bure. Siku moja uongozi, katika kubana matumizi, ukaifuta. Ilikuwa kama kuchokoza nyuki. Saa nne ikigonga ghala zima linahamia kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara, kurudi ni saa tano kasoro, na madereva wa malori wanapiga honi getini. Wiki ya tatu chai ikarejeshwa. Nilitegemea shangwe. Hakuna. Walikunywa, wakafuta mikono, wakapakia maboksi kwa kasi ileile ya kabla ya ugomvi. "Afadhali," mzee mmoja aliniambia huku akichovya andazi, na huo ndio ulikuwa mrejesho wote niliopata.

Kumbe jambo hili lilishafanyiwa kazi zamani. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano waliyofanya na wahandisi na wahasibu wapatao 200 katika eneo la Pittsburgh. Waliwaomba wakumbuke wakati walipoifurahia sana kazi yao, na wakati walipoichukia. Majibu hayakuwa pande mbili za jambo lilelile. Waliochukia walitaja taratibu za kampuni, msimamizi msumbufu, mshahara, mazingira ya kazi. Waliofurahi walitaja kufanikisha jambo gumu, kutambuliwa, kazi yenyewe, kuaminiwa na majukumu, kupanda ngazi.

Kundi lile la kwanza Herzberg aliliita mambo ya usafi, kwa mfano wa afya. Ukichemsha maji unakwepa kipindupindu, lakini maji yaliyochemshwa hayakupi misuli. Ndivyo ilivyokuwa chai yetu. Ilipoondoka tuliugua, iliporudi tukapona, na kupona si kuwa na nguvu kuliko jana. Kwa hesabu ya Herzberg, kinyume cha manung'uniko si furaha ya kazi. Ni kimya tu.

Kwa hiyo mengi tunayoyaita motisha ni sakafu ya nyumba. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na kazi ya ziada kulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha saa. Kampuni inayoandika kwenye tangazo la kazi kwamba "tunalipa ovataimu" kama kivutio inajisifu kwa kutii sheria.

Hapa wakubwa huchomekea hoja waipendayo: basi fedha si motisha, tuwape vyeti. Taratibu. Januari 1914 Henry Ford, mwenye kiwanda cha magari Marekani, alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya alivyokuwa akilipa, na akapunguza siku ya kazi kutoka saa 9 hadi 8. Mwaka uliotangulia alilazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000 ili kiwanda kibaki na takribani 14,000, maana walikuwa wanaingia na kutoka. Baada ya tangazo, wakatulia. (Wakaguzi wake pia walikuwa wakiwatembelea majumbani kuona kama wanaishi kwa adabu anayoitaka yeye, lakini hilo lina siku yake.) Fedha ilizuia watu kuondoka. Wahandisi wa Herzberg nao hawakuwa vibarua wa kutwa. Mtu asiyejua kesho atakula nini ana haki ya kuona mshahara ni motisha tosha.

Cheti nacho kina masharti. Kila Mei Mosi tunapigia makofi wafanyakazi bora, na kwenye ofisi nyingi kila mtu anajua mwaka huu ni zamu ya idara gani. Anayepokea bahasha kwa mzunguko hajatambuliwa; amefikiwa.

Pale ghalani tulikuwa na karani wa stoo. Hesabu ikipishana hata kwa boksi moja, alihitaji saini tatu kabla ya kurekebisha kitabu, na ripoti ya mwezi ilikwenda makao makuu kwa jina langu. Tukampa ruhusa ya kufunga tofauti ndogondogo mwenyewe, na ripoti ikaanza kwenda kwa jina lake. Hakuongezewa hata shilingi. Wiki ya pili nikawa namkuta ameshafika kabla yangu, daftari mkononi, anakagua paleti za mwisho kule nyuma ambako taa huwa haiwaki vizuri. Tofauti zikapungua, na zile zilizobaki alizifuata kwa madereva mwenyewe, kwa majina.

Mwezi wa tano akagonga mlango wangu. "Bosi, shikamoo. Jina langu makao makuu wanalijua sasa," akasema, akitabasamu. "Mhasibu tu ndiye bado."

Tukatoka pamoja kwenda kwa mhasibu.