"Hulipwi, kwa hiyo viza haihusiki": Tunayoambizana kuhusu kujitolea ukisoma nje

Kila mwaka ikikaribia Septemba, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, barabara ya 12, hawakosi kupita vijana wawili watatu waliopata vyuo Uingereza, Marekani au Australia. Wanauliza makoti, vyumba, namna ya kutuma pesa. Siku hizi wanauliza na kujitolea. Nami nilijitolea miaka yote mitatu niliyosoma Leeds, Uingereza, na natamani na wao wajitolee. Ila baadhi ya wanayoyasikia barazani yananitia hofu, maana mojawapo lilikaribia kuniponza mimi mwenyewe.

"Hulipwi, kwa hiyo uhamiaji hawana habari na wewe."

Hili ndilo la hatari. Uingereza, mwanafunzi wa shahada mwenye viza ya masomo kwa kawaida haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, na wiki inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Sisi tunasema "kujitolea" basi, lakini kanuni zao zinatenga mambo mawili. Kuna msaada wa hiari: huna mkataba, huzibi pengo la mfanyakazi, kwa kawaida unasaidia shirika la hisani au la umma, na ukipewa chochote ni nauli na chakula. Huo hauhesabiwi. Halafu kuna kazi isiyolipwa: una zamu ambayo ni lazima ufike na majukumu uliyofungwa nayo. Hiyo inaingia ndani ya zile saa 20 sawasawa na kazi ya mshahara.

Mwaka wa pili nilikuwa naosha vyombo mgahawani saa 12 kwa wiki, kwa malipo. Mwisho wa wiki nikawa naenda duka la mitumba la shirika moja la hisani, nikipata nafasi tu. Siku moja msimamizi akanipangia zamu: kazi ya muda wa saa 5 Jumamosi na saa 5 nyingine Jumapili, na karatasi ya kusaini kwamba sitakosa. Nilifurahi, nikajiona nimeaminiwa. Kwa bahati niliipitisha kwanza kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni. Akachukua kalamu, akajumlisha mbele yangu: 12 na 10, ni 22, zimepita zile 20. Sikusaini. Niliendelea kwenda dukani pale kama zamani, siku ninayoweza, na hakuna aliyekasirika.

Marekani, mwenye viza ya mwanafunzi, yaani F-1, anaweza kusaidia shirika lisilo la faida katika shughuli ambayo siku zote hufanywa na watu wa kujitolea. Kufanya bure kazi ambayo wengine wanalipwa kunaweza kuhesabiwa kuwa umefanya kazi bila kibali. Australia kikomo ni saa 48 kwa wiki mbili wakati wa masomo, na kujitolea kwa kweli hakuguswi, mradi isiwe kazi ambayo mwenyeji angelipwa kuifanya.

"Utafeli."

Saa tatu za kujitolea kwa wiki hazikuwahi kunikosesha mhadhara. Zilizonikosesha ni zamu za usiku za mgahawani, nazo hakuna anayezilaumu kwa sababu zinatuma pesa nyumbani. Wakati wa mitihani niliaga dukani mwezi mzima.

"Umeenda kusoma au kuwatumikia watu bure?"

Aliuliza mama kwenye simu. Nikamwambia ni kama msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Yeye amekulia Lushoto, akaelewa papo hapo, akauliza tu kama huwa wanapika. Darasani nilikuwa nakaa na wageni wenzangu. Dukani ndiko nilikojuana na wazee wa mtaa, wakanizoesha Kiingereza chao ambacho wiki za mwanzo sikukipata hata neno, na mmoja wao ndiye aliyekubali kuwa mdhamini nilipotafuta chumba.

"Ukifika tu, kesho yake unaanza."

Dukani, labda. Ukitaka kukaa na watoto au wagonjwa, kwanza unachunguzwa rekodi ya jinai. Kwa anayejitolea, serikali ya Uingereza haitozi ada ya uchunguzi huo. Lakini unaweza kuulizwa pia karatasi ya polisi ya Tanzania, na kuifuatilia ukiwa mbali ni usumbufu. Iombe kabla hujaondoka.

"Kujitolea kunaanzia huko huko."

Kwa anayelenga ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, hili linamkosesha mengi. Wanataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na kazi za kujitolea zinakubalika. Jumamosi unazookota plastiki ufukweni Raskazone, jioni unazowafundisha hesabu watoto wa Makorora bila malipo, zote zinaweza kuwa saa za kuhesabiwa. Nunua daftari leo: tarehe, saa ulizofanya, ulifanya nini, na saini ya aliyekusimamia. Wengi wanaokuja barabara ya 12 wamefanya kazi hizo miaka, ila hawana hata mstari mmoja ulioandikwa.