Hujabeba mzigo, kutwa umekaa: kiuno kinauma kwa nini?

Msimu wa korosho, pita Newala au Tandahimba uwaangalie akina mama wanaobangua. Wamekaa kwenye vigoda vifupi, migongo imepinda, macho kwenye korosho, mikono haitulii. Jioni anayeinuka hushika kiuno kwanza, akajinyoosha taratibu, ndipo apige hatua. Na huuliza swali la haki kabisa: kiuno kinauma nini, na mimi sikubeba kitu?

Alibeba, tena kutwa nzima. Kichwa cha mtu mzima peke yake kina uzito wa karibu kilo 5. Ukiinama, kichwa, mabega na kifua vyote hutangulia mbele ya kiuno, na misuli ya mgongo ndiyo inayovizuia visianguke. Kigoda kifupi huongeza shida: magoti yakiwa juu kuliko nyonga, nyonga hulalia nyuma na ule mbonyeo wa asili wa kiuno hupotea.

Hapo vinavyoumia ni visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walichapisha vipimo walivyochukua ndani ya kisahani cha kiuno cha mtu mzima mwenye afya. Alipokaa kawaida bila kuegemea, mgandamizo haukupita ule wa kusimama, megapaskali (kipimo cha mgandamizo) 0.5. Alipokaa akainama mbele sana, ulipanda hadi 0.83. Kwa hiyo kukaa si kosa. Kosa ni kukaa umejikunja.

Na kujikunja huko kukiwa kwa saa nyingi bila kusogea, ndipo hasa penye madhara. Visahani vya mtu mzima karibu havina mishipa ya damu ndani yake. Chakula chake hupenya kidogo kidogo kutoka kwenye mifupa ya jirani, na mwendo wa mwili husaidia. Kano nazo, yaani nyuzi zinazoshikanisha mifupa, zikivutwa muda mrefu hulegea. Fundi cherehani na karani wa kompyuta mjini Mtwara wamo humo humo.

Basi inua kazi ikufuate, usiifuate wewe: weka korosho juu ya meza, tafuta kiti kinachofanya nyonga zipande kidogo juu ya magoti, kunja kanga uiweke kwenye mbonyeo wa kiuno. Kila nusu saa simama, tembea hata hadi mtungini.

Lakini mguu ukiishiwa nguvu, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukakushinda kuuzuia, usikandwe wala usisubiri kesho. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.