Je, wajua kwa nini mfiwa huendelea kumsikia aliyeondoka?

Baba yangu alikuwa mtu wa baiskeli, kama wanaume wengi wa Tanga. Kila siku jua likikaribia kuchwa, akifika kwenye kona ya barabara yetu Ngamiani, alipiga kengele mara mbili, na mama akainuka kwenda kufungua mlango. Alifariki mwezi wa Rajabu. Wiki mbili baada ya kuanua tanga nilimwona mama akisita katikati ya kupeta mchele, ungo mkononi, shingo imegeukia mlangoni. Kengele ilikuwa imelia nje, ya mpita njia tu. Usiku akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, au akili yangu inaruka?"

Haikuwa inaruka. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha matokeo ya mahojiano yake na watu 293 waliofiwa na wenza wao, wanawake kwa wanaume. Karibu nusu yao walikuwa wamewahi kumpata marehemu kwa namna fulani, wengi kwa kuhisi tu kwamba yupo nao. Wengine walimwona, wengine walimsikia. Na wengi hawakuwa wamemwambia mtu yeyote.

Sababu iko kwenye namna ubongo unavyofanya kazi. Haungoji jambo litokee ndipo ulitambue. Muda wote unakisia kinachofuata kutokana na yale uliyoyazoea. Kwa mama, kengele ya jioni ilikuwa na maana moja kwa miaka zaidi ya thelathini. Kwamba mumewe amefariki alijua vizuri sana, alikuwepo jeneza lilipotolewa. Lakini mazoea hayafutwi na habari. Yamo sikioni, yamo shingoni, yamo kwenye mkono unaotoa sahani ya ziada bila kuagizwa. Kila kimoja lazima kijifunze upya, na somo lenyewe ni moja tu: kengele inalia, mlango unafunguliwa, hayupo.

Ndiyo maana wafiwa wengi husema uzito halisi ulianza watu walipoondoka. Siku za matanga nyumba imejaa: majamvi yametandikwa, majirani wanapika, kila anayeingia anasema "Makiwa" na wenyewe wanaitikia "Tunayo". Hakuna cha kawaida ndani ya siku hizo, kwa hiyo yale mazoea yamelala. Yanaamka majamvi yakishakunjwa. Shaabani yote mama alijizoesha kupika kidogo, nikadhani tumevuka. Kisha ukaingia Ramadhani. Jioni ya kwanza alimimina uji wa futari, akafika kwenye bakuli la baba la maua ya buluu, mkono ukakwama hewani. Bakuli lile lilikuwa halijafundishwa bado. Idi nayo ilikuwa na masomo yake.

Huenda umesikia kwamba huzuni ina hatua tano, kuanzia kukataa hadi kukubali. Hatua hizo aliziandika Elisabeth Kübler-Ross, daktari mzaliwa wa Uswisi, mwaka 1969, baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe. Hakuzipata kutoka kwa wafiwa, na mfiwa asijipime kwa ngazi hiyo. Karibu zaidi na niliyoyaona nyumbani ni maelezo ya watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999: mfiwa huenda na kurudi, mara yumo ndani ya majonzi, mara ameshughulika na maisha, na kupumzika huko ni sehemu ya kupona. Mama akiwa eda, ile miezi minne na siku kumi, alicheka siku moja na mashoga zake wakisuka ukili hadi machozi yakamtoka. Mtu akanong'ona kwamba kasahau mapema. Hakusahau. Alipata pumzi.

Kwa sababu hiyo hiyo naomba tuache kuwaambia watoto kwamba baba "amesafiri". Msafiri hurudi, kwa hiyo mtoto ataendelea kumngoja, na kila gari likisimama nje atakimbia. Mwambie amefariki, kwa neno hilo hilo, kisha umpakate.

Wapo ambao somo linagoma kabisa. Shirika la Afya Duniani sasa linalitambua tatizo hilo katika mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika mwaka 2022: ikiwa imepita zaidi ya miezi sita, majonzi yangali makali kila siku, kupita desturi ya watu wake, na mtu hawezi kuendesha maisha yake, anahitaji mtaalamu wa afya ya akili. "Jikaze" haitamsaidia.

Baiskeli anaipanda mdogo wangu siku hizi. Akifika konani hupiga kengele mara mbili. Mwaka wa kwanza mama alimkataza kabisa. Sasa akiingia kimyakimya anamuuliza, "Mbona leo sijakusikia?"