Kijarida si gazeti lililoshindwa

Kijarida ni jarida dogo unaloliandika, kulichapa na kulisambaza mwenyewe, na dhana potofu kukihusu ni nyingi. “Mitambo ya kuchapa iko Dar.” Kauli hii imezuia vijarida vingi vya Mwanza visizaliwe. Ukweli ni kwamba steshenari yoyote yenye fotokopi inatosha. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara tatu na kukatwa mkato mmoja katikati, unapata kurasa 8 bila hata pini. Ukitaka zaidi, kunja A4 kadhaa katikati na upige pini kwenye mkunjo. Ila idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4: 12, 16, 20. Wengi hukwama hapo: wanaandaa kurasa 14, kisha wanashangaa mbili kubaki tupu. (Weka shairi, au tangazo la fundi cherehani wa mtaani kwenu.) Halafu kuna Riso, mashine ya kurudufu. Shuleni tunaijua kwa kuchapa mitihani ya moko, lakini huko Ulaya na Marekani wasanii wanaisaka mashine hiyohiyo kwa ajili ya rangi zake, na wanaringa nayo.

“Haya ni mambo ya Wazungu.” Ni kweli wapenzi wa hadithi za kisayansi kule Marekani walikuwa na vijarida vyao tangu 1930, na vijana wa muziki wa panki wa London wakavipa sura nyingine 1976. Lakini Novemba 1969 wanafunzi wa chuo kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam, walitoa Cheche, jarida la siasa walilolichapa kwa stensili. Kilichowashughulisha ni Azimio la Arusha, wala si muziki wa London. Mwaka uliofuata serikali ikalipiga marufuku.

“Shika sanaa, achana na siasa.” Ng’ambo ya ziwa, Kampala, Rajat Neogy alianzisha Transition mwaka 1961. Mashairi, hadithi na mabishano ya kisiasa vilikaa jalada moja. Mwaka 1968 jarida lilichapa barua ya mbunge Abu Mayanja iliyoikosoa serikali ya Rais Obote, na Neogy na Mayanja wakatiwa ndani. Sisemi hivi kumtisha mtu. Nasema tu kwamba anayeahidi kuandika utamaduni bila kugusa siasa anaahidi jambo ambalo msomaji wake hatamruhusu kulitimiza.

“Bora kusubiri mchapishaji mkubwa.” Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945. Ilitoka kama kitabu, kwa Kiswahili, mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Riwaya nzito kama ile haienei kwenye kijarida, najua, lakini sura moja ingeenea.

“Kikiwa kidogo, sheria haikihusu.” Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inadai leseni kwa magazeti na majarida. Kabla ya kutoa toleo la kwanza la mfululizo, waulize Idara ya Habari, MAELEZO. Picha uliyoiokota mtandaoni nayo ina mwenyewe, hata kama hakuna jina juu yake.

“Hakina hela.” Hii si dhana potofu. Basi piga hesabu ya kopi, pini na nauli ya kusambaza kabla ya kupanga bei, uanze na nakala 50. Zikiisha, rudi steshenari.