"Nikikosea namba, hela yangu itarudi?"

Katika kazi yangu ya kuwaunganisha wateja wa Moshi na huduma za benki kwa njia ya simu na intaneti, nimezoea kusikiliza kwa makini swali la kwanza la mteja. Mwaka 1989 mtafiti Fred Davis alieleza kwamba mtu huipokea teknolojia akiona ina manufaa kwake na ni rahisi kuitumia, na wengi wanaochunguza benki mtandao katika nchi zinazoendelea huanzia hapo. Sipingani naye. Mkulima wa kahawa wa Marangu, ambaye kushuka mjini kutazama salio humgharimu nauli na nusu siku ya shamba, hahitaji kuhubiriwa manufaa. Urahisi nao hautusumbui sana, kwa kuwa M-Pesa, iliyoingia Tanzania mwaka 2008, imekwisha kuwazoesha watu kubonyeza nyota na reli.

Swali ninaloulizwa ni jingine: "Nikikosea namba, hela yangu itarudi?" Mama mmoja muuza vitenge karibu na Soko la Mbuyuni alikuwa akiwatumia watoto ada kwa simu bila wasiwasi, lakini akiba yake ya benki aliifuata dirishani, akapanga foleni, kwa sababu karani anamjua kwa sura na kosa likitokea anajua pa kumkuta. Sisi wa benki huwa tunauita woga huo uelewa mdogo, jambo ambalo naliona ni dharau. Nani kati yetu hajapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Katika mazingira hayo, anayesita ana akili timamu.

Makato pia yana nguvu. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, baadhi ya wateja wangu walirudi kwenye fedha taslimu.

Kilichomgeuza mama yule hakikuwa tangazo. Nilimwonyesha kwamba jina la mpokeaji hutokea kabla hajaweka namba ya siri, kisha wakala wa benki akafungua kibanda mlango wa tatu kutoka dukani kwake, akapata mtu wa kumuuliza muamala ukikwama. Sasa malipo madogo huyafanya kwa simu. Mauzo ya msimu wa sikukuu bado huyaleta dirishani mwenyewe.