Kumtunza Mzee Nyumbani Bila Kumpokonya Uwezo Wake

Mzee aliyepata kiharusi anaporuhusiwa kurudi nyumbani, familia nyingi humpokea kwa kumfanyia kila kitu. Huogeshwa, huvalishwa na kulishwa, na akijaribu kuinuka huambiwa, "Tulia mama, tutakuletea." Nia ni njema kabisa, lakini sisi wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ndio tunaokutana na matokeo yake baadaye: misuli isiyotumika hunywea upesi, hasa uzeeni, na mkono ulioachwa umekunjwa kifuani hukakamaa hata kuuosha kukawa maumivu.

Mwaka 1963 daktari Sidney Katz wa Marekani na wenzake walichapisha kipimo cha kujimudu ambacho hadi leo kinatumika, chenye mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja na kula. Waliona kwamba uwezo wa kuoga kwa kawaida ndio unaotangulia kupotea, na wa kula ndio wa mwisho. Kwa hiyo mzee anayeshindwa kuoga peke yake huenda bado anaweza kushika kijiko, na kumlisha ni kumwondolea kitu ambacho ugonjwa haukukichukua. Isipokuwa anapopaliwa au kukohoa kila anywapo maji. Huyo asilazimishwe, bali apelekwe akapimwe namna anavyomeza.

Chukua mfano wa kuvaa. Mketishe kwenye kiti imara, miguu yote ikanyage sakafu, umpe shati la vifungo vya mbele au dera pana. Mkono uliopooza huingia kwanza; wakati wa kuvua, mkono usiopooza ndio hutangulia kutoka. Wewe shika ukosi tu, usubiri. Kazi hiyo itachukua muda mrefu kuliko ungemvalisha mwenyewe, na kwa maoni yangu huruma ya mlezi hupimwa hasa katika kungoja huko, kwa kuwa mzee huyasoma macho ya anayemharakisha.

Anapotembea, fimbo huwa katika mkono wenye nguvu, nawe husimama upande uliodhoofika ukimshika kiunoni. Kamwe usimvute kwa mkono uliopooza, maana bega lake halina misuli yenye nguvu ya kulishikilia na huteguka kwa urahisi.

Bafuni, kiti cha plastiki kisichoteleza, ndoo iliyoinuliwa na kopo jepesi vinamtosha kujimwagia maji, nawe umsugue mgongo tu. Lakini aulizwe kwanza nani amsaidie. Mama anayeona haya mbele ya mwanawe wa kiume au mkwewe atasema ameshaoga, kumbe hajaoga, na hilo si ukaidi. Pale penye choo cha kuchuchumaa, fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu, na njia ya kwenda chooni iwe na taa usiku na isiwe na mkeka unaoteleza.

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 iliitambua familia kuwa msingi wa matunzo ya wazee, na kwa vitendo mzigo huo humwangukia binti mmoja, mkwe au dada wa kazi, ambaye hakufundishwa chochote. Kabla ya mgonjwa kuruhusiwa, mtu huyo hasa ndiye aje wodini, aoneshwe namna ya kumwinua na kumvalisha, kisha afanye mwenyewe mbele ya mtaalamu.