Ng'ombe hajui mtama wa sumu

"Ng'ombe hana wazimu, daktari. Hawezi kula jani la kumwua." Nimeambiwa hivyo tena juzi, nimepiga magoti kati ya mitamba watatu walioanguka kwenye shamba la mtama, mmoja bado ana majani mabichi mdomoni. Mzee aliyesema amefuga miaka mingi kuliko umri wangu, nami nilimjibu kwa adabu. Lakini nimelisikia neno hilo mara nyingi mno, na kila mara kuna mzoga karibu.

Akili mnayoiona ni shibe. Ng'ombe aliyeshiba huchagua. Mwenye njaa, aliyekuja kutoka malisho makavu, akikuta maotea mabichi, yaani machipukizi ya mtama uliokwisha kukatwa, baada ya mvua ya msimu usio wake, hatafakari wala hatemi. Na mtama si mchungu hata umwonye. Ni mtamu. Kuna mimea ambayo mifugo wenyeji hujifunza kuikwepa na wageni huivamia, hilo nakubali, ila mtama haumo.

"Mbona babu alilisha mtama maisha yake yote?" Alilisha mabua, tena makavu. Jani changa lina dhurini, kemikali iliyobeba sayanaidi, iliyotengwa na kimeng'enya cha kuivunja. Likitafunwa vinakutana, vijidudu vya tumbo kubwa vinaongezea, sayanaidi inatoka. Miligramu 2 hivi kwa kila kilo ya uzito zinaweza kuua: ng'ombe wa kilo 250, nusu gramu. Ini linaweza kuiondoa sumu hiyo ikija kidogo kidogo. Ndiyo maana aliyedonoa siku nzima anapona na aliyejaza tumbo kwa dakika kumi anakufa, shamba lilelile, siku ileile. Watu wakiona hivyo husema jirani kaweka sumu.

Sasa damu, maana hapa hata wenzangu hukosea. Ya sayanaidi ni nyekundu ya kung'aa: oksijeni imo, seli haziwezi kuitumia. Ya naitreti, sumu nyingine ya mtama, ni kahawia kama chokoleti: oksijeni haibebeki. Mtama uliopigwa na ukame unaweza kuwa na zote mbili. Na sodiamu naitraiti, dawa ambayo vitabu vinaitaja kwanza kwa sayanaidi, inaigeuza damu vilevile inavyogeuzwa na naitreti. Ukimchoma mwenye damu ya kahawia, umemmaliza wewe. Mimi nikiwa na shaka nachoma dawa nyingine ya sayanaidi, sodiamu thaiosalfeti, peke yake, kwenye mshipa, na shaka ninayo mara nyingi, kwa sababu nikifika saa mbili baada ya kifo cha wa kwanza damu yake imeshakuwa nyeusi na hainiambii kitu. Harufu ya sayanaidi, ya lozi chungu, inayoandikwa kila mahali sijawahi kuinusa hata mara moja. Wapo watu ambao pua zao haziipati, na nadhani mimi ni mmoja wao.

Maziwa ya kumnywesha aliyekula sumu hayasaidii. Ng'ombe anayehema kwa shida ukimnywesha kwa nguvu yanaingia mapafuni. Na akifa ghafla msimpasue kabla hajaonwa: kimeta, ugonjwa unaoambukiza hata watu, huua hivyohivyo.

Mtamba mmoja alisimama kama nusu saa baada ya sindano, akatikisa kichwa, akageukia maotea yaleyale. Kijana mchungaji alimshika pembe kwa mikono miwili na bado alikuwa anavutwa. Nikamtazama mzee, naye akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama achome shamba lote.

Nikamwambia, hapana mzee wangu, kateni, tandazeni juani mpaka jani livunjike mkononi. Sayanaidi itapungua sana. Naitreti haiondoki kwa jua, kwa hiyo hata yakikauka changanyeni na majani mengine, na wasiyakute wakiwa na njaa. Yatakayobaki shambani, msiwaingize mpaka yavuke sentimita 75. Aliniomba nimwonyeshe ni wapi. Nikaweka kiganja juu ya goti, kwenye paja, naye akakata fimbo ya urefu huo akampa yule kijana.